Kabla ya Kuingia Potali: Kwa Mwanafunzi Mgeni wa Futiboli ya Vyuo Marekani, na Wazazi Wake

Wadogo zangu, na nyinyi wazazi mnaoletewa karatasi za kusaini wakati mchezo wenyewe, futiboli ya Kimarekani na si soka, hamjauzoea, naandika kwa sababu maswali yanayonifikia ni yale yale. Mtoto amekulia Texas, Iowa, Kentucky au Ohio. Nyumbani kwao wanaongea Kiswahili cha Bukavu, cha Kigoma au cha Mombasa. Mwili umejaa, mbio anazo, na kocha wa chuo amepiga simu akitaja pesa. Au tayari yuko chuoni mwaka wa pili, hapangwi, na rafiki zake wanamshawishi aingie potali, yaani mfumo wa kuandikisha jina ili kuhama chuo. Kazi yangu ni kushauri wanamichezo wa chuo kuhusu masomo yao. Mimi niko upande wa karatasi, na huko kwenye karatasi ndiko nilikoona vijana wazuri wakiumia bila kuguswa na beki yeyote.

Nianze na pesa, maana ndiyo huulizwa kwanza.

Kwa miaka mingi mchezaji wa chuo alipewa ufadhili tu: ada, chakula, malazi, vitabu. Chuo kiliuza tiketi, jezi na haki za televisheni, kocha akalipwa mamilioni, na kijana akiuza saini yake mwenyewe alifungiwa. Mfumo huo ulivunjwa mahakamani, hatua kwa hatua. Ed O'Bannon, aliyetwaa ubingwa wa mpira wa kikapu na chuo cha UCLA mwaka 1995, aliona sura yake ikitumika kwenye mchezo wa video bila kulipwa senti, akaishtaki NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, mwaka 2009. Mwaka 2019 jimbo la California likapitisha sheria ya kuwaruhusu wanamichezo kulipwa kwa majina yao. Juni 21, 2021 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaamua kesi ya Alston kwa kura 9 kwa 0 dhidi ya NCAA, na siku kumi baadaye, Julai 1, mlango ukafunguliwa: mchezaji anaweza kulipwa na kampuni au mfanyabiashara kwa jina lake, sura yake na umaarufu wake. Hiyo ndiyo mnayoisikia ikiitwa NIL. Muda si mrefu mashabiki wenye uwezo wakaunda mifuko ya kuchangia, na malipo ya "matangazo" yakageuka mshahara wa kumvuta mchezaji.

Kisha ikaja kesi iliyobeba jina la Grant House, muogeleaji wa Arizona State. Juni 6, 2025 Jaji Claudia Wilken aliidhinisha maridhiano: takriban dola bilioni 2.8 za fidia kwa wanamichezo wa miaka iliyopita, na kuanzia Julai 1 mwaka huo vyuo vyenyewe vikaruhusiwa kuwalipa wachezaji moja kwa moja. Kikomo cha mwaka wa kwanza kilikuwa kama dola milioni 20.5 kwa chuo, kwa michezo yote.

Mimi nafurahi vijana wanalipwa, na nalisema hilo bila kusita. Mkataba wa televisheni ambao vyuo vya Big Ten, mojawapo ya makundi makubwa ya vyuo yanayoshindana, vilitangaza mwaka 2022 ulikadiriwa kuwa wa dola bilioni 7 kwa miaka saba, na waliokuwa wakivunjika magoti ili mechi hizo zionekane hawakuwa na fungu lao. Haki imechelewa sana. Lakini mtu akianza kulipwa ameingia kwenye biashara, na watoto wetu wengi wanaingia humo wakiwa na miaka 18, wakiamini kwamba kocha aliyekula ugali sebuleni kwao amekuwa ndugu.

Hiyo milioni 20.5, kwanza, msiisome kama yenu. Vyuo vingi vikubwa hupeleka karibu robo tatu ya fungu kwa futiboli, ambako timu inaruhusiwa wachezaji 105. Ndani ya hao 105 kwotabeki, yaani mrusha mpira anayeongoza mashambulizi, na wachache wanaolinda au kumkimbiza kwotabeki huchukua kipande kikubwa. Wa mwisho kwenye orodha hupata kidogo, au hupata ufadhili wa masomo peke yake, au hata huo hapati. Na vyuo vingi vya daraja la kwanza havifiki kwenye kikomo hicho, vingine havikaribii kabisa. Mzazi akiniambia "tumesikia wanalipa milioni," humuuliza: nani analipa, anamlipa nani, kuanzia lini, na kwa sharti gani? Kimya huwa kirefu.

Elewa pia kuwa pesa inatoka kwenye mifuko miwili. Mmoja ni wa chuo, yaani mgao wa mapato. Mwingine ni wa nje, kampuni au wafadhili. Malipo ya nje ya dola 600 au zaidi lazima yaripotiwe kwenye mfumo unaoitwa NIL Go, unaoendeshwa na Deloitte, na chombo kipya kiitwacho College Sports Commission huangalia kama kuna biashara ya kweli na kama bei inalingana na kazi. Kwa hiyo kocha akikuahidi laki tatu za dola, halafu ukakuta laki moja tu ndiyo ya chuo na mbili "zitatoka kwa wafadhili," ulichonacho mkononi ni laki moja. Zile mbili zinaweza kukataliwa, au mfadhili akabadili nia.

Haya yamewakuta watu wakubwa. Jaden Rashada, kwotabeki aliyekuwa akigombewa sana, alisaini na Chuo Kikuu cha Florida Desemba 2022 huku kukiwa na mkataba wa wafadhili uliotajwa kuwa wa dola milioni 13.85. Pesa haikuja. Januari 2023 akaachiliwa, akaenda Arizona State, kisha Georgia, na mwaka 2024 akafungua kesi dhidi ya kocha wa Florida na wengine. Mwaka huo huo wa 2024, kwotabeki Matthew Sluka aliiacha UNLV, chuo cha Las Vegas, timu ikiwa imeshinda mechi zake zote tatu za mwanzo. Wawakilishi wake walisema aliahidiwa dola 100,000 hazikulipwa, na chuo kikakana. Ahadi waliyokuwa wakibishania ilikuwa ya mdomo. Mdogo wangu, ukisikia kiasi chochote kwenye simu, jibu kwa adabu: "Asante sana kocha, naomba uniandikie."

Na yakiandikwa, soma. Kijana mmoja aliniletea mkataba kwenye simu yake akitaka nimsaidie jambo dogo tu, kama mafunzo ya kiangazi yangegongana na madarasa. Kioo cha simu kilikuwa kimepasuka, na yeye alikuwa akisogeza kurasa kwa kidole gumba haraka haraka kufika ukurasa wa kiasi. Nikamwomba arudi nyuma. Kwenye ukurasa aliouruka kulikuwa na kifungu kinachosema malipo husimama siku jina lake linapoingia potali, na kwamba akiondoka kabla ya tarehe fulani atarudisha sehemu ya alichokwisha kupokea. Kifungu kingine kilikipa chuo haki ya kupunguza malipo akipoteza sifa za kimasomo. Alikuwa ameshasaini. Sikumlaumu, maana hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba mkataba wa kazi husomwa kuanzia vifungu vya kuachana.

Kwa hiyo mkae na mwanasheria, na mumlipe kwa saa. Mwulizeni haya hasa: nikiumia inakuwaje? Kocha akifukuzwa? Nikitaka kuhama, nadaiwa nini? Jina na sura yangu nimekikabidhi chuo kwa muda gani, na bado naweza kutangaza duka la mjomba wangu? Haya si ya kufikirika. Mchezaji Xavier Lucas alipoondoka chuo cha Wisconsin mwanzoni mwa 2025 akajiunga na Miami bila kupitia potali, Wisconsin ilisema ilikuwa na mkataba naye wa miaka miwili, na baadaye ikaishtaki Miami. Vyuo sasa vinatetea karatasi zao mahakamani.

Kuhusu wakala niseme wazi, kwa sababu hapa jamii zetu zinaumizana. Kwenye ligi ya kulipwa ya NFL, chama cha wachezaji kimemwekea wakala kikomo cha asilimia 3 ya mkataba. Chuoni hakuna kikomo kama hicho, na wapo wanaodai asilimia 10 hadi 20. Wengine si mawakala kabisa: ni mtu wa kanisani, au kaka wa mtaani anayejua Kiingereza vizuri na amejitolea "kumsimamia" mtoto. Anaweza kuwa mtu mwema. Mwulizeni kama amesajiliwa kuwa wakala wa wanamichezo katika jimbo lenu, na anachukua asilimia ngapi ya pesa ipi. Ufadhili wa masomo haukatwi kamisheni.

Kodi nayo. Malipo haya kwa kawaida huja bila kukatwa kitu, na mamlaka ya kodi humhesabu kijana kama mtu aliyejiajiri. Kodi ya kujiajiri peke yake ni asilimia 15.3, bado kodi ya mapato ya serikali kuu na ya jimbo, na inatakiwa ilipwe kwa awamu nne: Aprili, Juni, Septemba na Januari. Nawashauri vijana wafungue akaunti ya pili na kuweka humo theluthi ya kila kinachoingia siku hiyo hiyo. Najua kinachofuata kwenye familia zetu. Bibi yuko Uvira, kuna msiba Kigoma, kuna karo za binamu watatu, na kijana aliyeonekana kwenye televisheni anapigiwa simu kila Jumapili. Kutuma ni utu, na sitamwambia mtoto wa mtu aache. Atume kutoka kwenye kilichobaki baada ya kodi kutengwa, maana deni la Aprili litakuwa na jina lake peke yake. Pia mapato hayo huandikwa kwenye FAFSA, fomu ya kuomba msaada wa masomo wa serikali, na yanaweza kupunguza au kuondoa kabisa msaada wa Pell, unaopewa wanafunzi wa kipato kidogo, ambao kiwango chake cha juu kwa 2025-26 kilikuwa dola 7,395. Familia zinazoutegemea zishangae mapema, si mwezi wa nane.

Watoto wetu wengi ni raia au wana ukaazi wa kudumu, kwa hiyo la visa haliwahusu. Lakini aliyetoka Nairobi au Lubumbashi kwa visa ya F-1, ile ya mwanafunzi, awe mwangalifu kupita wote. Visa hiyo inaruhusu kazi ya ndani ya chuo, hadi saa 20 kwa wiki wakati wa muhula, na kulipwa kwa matangazo nje ya hapo kunaweza kuihatarisha. Mnamkumbuka Oscar Tshiebwe, mzaliwa wa Lubumbashi aliyehama kutoka West Virginia kwenda Kentucky na kuwa mchezaji bora wa mpira wa kikapu wa vyuo mwaka 2022. Wenzake walikuwa wakilipwa pale pale Kentucky, yeye ikabidi kazi za matangazo azifanye timu ilipokwenda Bahamas, nje ya ardhi ya Marekani. Kabla ya kupokea hata jozi ya viatu, muone mwanasheria wa uhamiaji. Kocha si mwanasheria wa uhamiaji.

Sasa kuhama, ambako ndiko kazi yangu hasa iliko.

Mliozoea usajili wa Simba na Yanga, hapa kuna tofauti kubwa. Nyumbani klabu humnunua mchezaji kutoka klabu, kuna ada na kuna barua ya kuachiliwa. Kwenye vyuo mchezaji mwenyewe ndiye huandikisha jina lake kwenye potali ya uhamisho, mfumo ulioanza Oktoba 15, 2018, na jina likishaingia makocha wengine wanaruhusiwa kumtafuta. Zamani aliyehama alikaa nje mwaka mzima. Mwaka 2021 akaruhusiwa kuhama mara moja bila kukaa nje, na tangu 2024, baada ya majimbo kwenda mahakamani, anaweza kuhama mara nyingi apendavyo mradi yuko sawa kimasomo. Kwenye futiboli dirisha sasa ni moja, Januari. Mwaka 2026 lilikuwa tarehe 2 hadi 16. La masika limefutwa. Kocha mkuu akiondoka hufunguliwa dirisha la ziada.

Kwamba kuhama kunalipa, hakuna ubishi. Kuanzia 2022 hadi 2025, kila aliyeshinda Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa futiboli ya vyuo, alikuwa amehama chuo: Caleb Williams, Jayden Daniels, Travis Hunter, Fernando Mendoza. Majina hayo manne ndiyo kila kijana hunitajia. Wasiotajwa ni wale walioingia potali Januari na kufika mwezi wa tano bila timu. Ukishaandikisha jina, chuo chako kina haki ya kusitisha ufadhili muhula unapoisha na kumpa mwingine nafasi yako. Wengi wameomba kurudi na kukuta hakuna pa kurudi.

Lakini hata aliyepata timu anaweza kupoteza shahada. NCAA inamtaka mchezaji wa daraja la kwanza awe amekamilisha asilimia 40 ya shahada yake kabla ya mwaka wa tatu, 60 kabla ya wa nne, 80 kabla ya wa tano. Shahada ya kawaida ni krediti 120, yaani vipimo vya uzito wa masomo uliyofaulu, kwa hiyo hizo ni 48, 72 na 96. Neno la kuangalia ni "ya shahada yake." Krediti inaweza kupokelewa na chuo kipya ikaandikwa kwenye hati yako ya matokeo, na bado isihesabike kwenye fani unayosomea. Kijana anafika na krediti 62, chuo kinapokea 58, wote mnashangilia. Kisha kitivo cha uhandisi kinasema ni 37 tu zinazoingia kwenye shahada yake, na yeye anahitaji 48. Mechi ya kwanza ni Agosti.

Hapo ndipo hutokea jambo linalonisikitisha kuliko yote katika kazi hii. Mtu wa timu anakuja na suluhisho la haraka: abadilishe fani. Kuna fani za jumla zinazopokea karibu krediti yoyote, kijana anahamishiwa huko, anacheza, na ndoto ya uhandisi au uuguzi inaisha kwa saini moja mchana. Hakuna aliyemlazimisha, amefunguliwa mlango mmoja tu. Nimewaona wakitoka na shahada ambayo hawawezi kumweleza mama yao ni ya nini. Na akihama tena mambo huwa mabaya zaidi, kwa sababu vyuo vingi hutaka sehemu fulani ya masomo, mara nyingi krediti 30 za mwisho, zisomwe kwao. Ndiyo maana unaweza kukutana na mtu mwenye krediti 130 kutoka vyuo vitatu asiye na shahada hata moja.

Kuna na mtego wa Desemba. Mchezaji wa futiboli anatakiwa apate angalau krediti 9 kwenye muhula wa vuli, la sivyo anaweza kukosa mechi nne za kwanza za msimu unaofuata. Aliyekwisha kuamua moyoni kuhama huacha kwenda darasani, mitihani anaifanya nusu nusu, na chuo kipya kinampokea akiwa na pengo hilo. Fanya mitihani yako yote kana kwamba unabaki.

Kwa mlioko sekondari, mazingira yamekuwa magumu. Makocha sasa wanapenda kuchukua mtu wa miaka 22 aliyekwisha kujaribiwa kuliko kumlea wa miaka 18. Kocha Curt Cignetti alipokwenda chuo cha Indiana mwishoni mwa 2023 alikuja na kundi la wachezaji wake wa chuo cha James Madison, akashinda mechi 11 msimu wa kwanza, wa 2024, na wengine wengi wakaona njia. Ofa uliyopewa ukiwa kidato cha tatu inaweza kuyeyuka. Ushauri wangu ni kwamba wengi wenu mtakuwa salama zaidi kwenye chuo kidogo ambako mtacheza na kusoma mnachotaka, kuliko kuwa wa 98 kati ya 105 kwenye chuo chenye uwanja wa watu laki moja. Ukicheza vizuri wakubwa watakuona. Ndivyo mfumo ulivyo sasa.

Wakimbiaji wetu kutoka Kenya pia wajue kwamba mabadiliko haya yanawafikia. Njia aliyopita Henry Rono pale Washington State na Edward Cheserek pale Oregon bado ipo, ila timu ya mbio za nyika katika vyuo vilivyoingia kwenye maridhiano haizidi watu 17, na sehemu kubwa ya pesa mpya inakwenda futiboli.

Sasa, kama umefikiri sana na bado unataka kuhama, fanya hivi. Mwezi wa kumi na moja, bila kumwambia mtu, pakua hati yako ya matokeo. Kabla jina halijaingia potali chuo kingine hakiruhusiwi kuzungumza nawe, lakini vyuo vingi vimeweka wazi kwenye tovuti zao orodha ya masomo wanayoyapokea kutoka vyuo vingine. Kaa na mshauri wako, au hata na dada yako, mkalinganishe somo kwa somo kwenye fani yako, na mwandike idadi mbili pembeni: zinazopokelewa, na zinazohesabika. Jina likishaingia na kocha akipiga simu, kabla ya kutaja pesa omba tathmini ya krediti kwa maandishi kutoka ofisi ya masomo, yenye jina la fani yako na asilimia uliyofikia. Atakuambia hakuna muda, madarasa yanaanza wiki ijayo. Ofisi hizo zikisukumwa hutoa tathmini kwa siku mbili tatu, na mwenye nguvu ya kuzisukuma ni huyo huyo kocha anayekuita.